Shajara ya mradi: Corolla ya 4A-FE inayotoa moshi mweusi na kuzima ikipata joto

Kabla ya kushika spana

Gari ni Toyota Corolla ya umbo la E100, injini 4A-FE ya cc 1587, gia za mkono. EFI yake (mfumo wa kupuliza mafuta unaoendeshwa kwa umeme) ni ya kizazi cha kabla ya OBD2, ile soketi ya pamoja ya kusomea makosa, kwa hiyo hakuna mashine ya kuchomeka ikakusomea kila kitu. Kuna taa ya cheki injini inayopepesa, kuna multimita, na kuna mchoro wa nyaya. Hewa haipimwi kwa mita ya hewa bali kwa sensa ya presha ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), ambayo waya wake wa ishara huandikwa PIM kwenye michoro ya Toyota. Waya huo utatajwa sana huko mbele.

Malalamiko: asubuhi linawaka vizuri. Likishapata joto, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka kati ya mizunguko 600 na 1100 kwa dakika, moshi mweusi unatoka, na plagi zina masizi makavu. Taa ya cheki injini inawaka na kuzimika bila mpangilio. Mara chache, gari likiwa mwendoni, injini inakatika ghafla kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, kisha inakubali kuwaka tena baada ya dakika moja au mbili.

Hapo kuna malalamiko mawili. Injini inayokula mafuta kupita kiasi huchechemea, hunuka, hukohoa. Injini inayokatika kama taa imekosa moto au imekosa ishara ya mzunguko. Tumeyafungulia kurasa mbili tangu mwanzo, kwa sababu anayetafuta chanzo kimoja cha yote mawili huishia kupindisha vipimo vikubaliane na dhana yake.

Vipuri vilivyokwisha kubadilishwa kabla ya mradi huu: plagi, nyaya za plagi, sensa ya oksijeni mara mbili, sensa ya joto la maji, pampu ya mafuta. Hakuna kilichosaidia.

Siku ya 1: kusoma makosa

Masharti ya kusoma: betri iwe juu ya 11 V, pedali ya mafuta isiguswe, gia iwe huru, kiyoyozi na taa vizimwe. Fungua kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti, unganisha tundu zake mbili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, weka ufunguo ON bila kupiga stata, halafu hesabu mipepeso ya taa ya cheki injini.

Taa ikipepesa mfululizo kwa kasi moja, mara mbili kila sekunde, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kama kuna kosa, tarakimu ya kwanza huja kwa mipepeso ya polepole, hufuata kimya cha sekunde 1.5, kisha tarakimu ya pili. Kati ya kosa na kosa kuna sekunde 2.5, na orodha ikiisha kuna sekunde 4.5 kabla haijaanza upya. Makosa hupangwa kuanzia namba ndogo, si kwa kufuata lililotangulia kutokea. Andika kwenye karatasi mizunguko mitatu kamili ya orodha kabla ya kuamini hesabu yako. Na ukiona 51 wakati kiyoyozi kimewashwa au mguu uko kwenye pedali, huo si ugonjwa. Zima kiyoyozi, toa mguu, soma tena.

Tulipata: 13, 22, 24, 31, 41.

Kwa maneno: 13 ni ishara ya mzunguko kupotea injini ikiwa inazunguka, 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni sensa ya joto la hewa, 31 ni sensa ya presha ya manifodi, 41 ni sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali).

Hapa ndipo vipuri vingi vya bure hununuliwa. Namba 22 haisemi "sensa ya joto la maji imekufa". Inasema volti kwenye waya wa sensa hiyo zimetoka nje ya mipaka ambayo kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaikubali. Waya uliokatika, pini iliyolegea, ethi (njia ya umeme kurudi) iliyooza na sensa iliyokufa vyote huandika namba ileile. Sensa ya maji iliyobadilishwa kwenye gari hili pengine haikuwa na kosa lolote.

Sensa nne kufa kwa pamoja ni jambo la kutilia shaka. Swali la maana ni hili: sensa hizi nne zinashirikiana nini? Mchoro unajibu. Sensa ya presha na ya throto zinapokea volti 5 kupitia waya wa VC. Sensa mbili za joto hazina VC kabisa. Zenyewe ni ukinzani tu, na volti zake hutoka ndani ya kontroli boksi kupitia waya wa ishara wenyewe. Kwa hiyo VC ikikatika, utaona 31 na 41, lakini 22 na 24 hazitatokea. Kinachogusa zote nne ni E2, ethi ya sensa, inayorudi kontroli boksi kwa waya mmoja. Kabla ya kugusa kitu tayari mtuhumiwa ana jina.

Tulifuta kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI ya ampia 15 kwa sekunde 30, tukawasha injini na kuiacha ipate joto. Baada ya dakika ishirini hivi, 22, 31 na 41 zilirudi. Namba 24 ilichelewa. Namba 13 haikurudi siku hiyo, na tuliiacha kwenye ukurasa wake.

Siku ya 2: umeme na ethi kubwa

Kazi ya kuchosha, lakini hairukwi. Kontroli boksi inayopata umeme mchafu hutoa majibu machafu.

Betri ikipumzika: 12.6 V. Wakati wa kupiga stata: 10.1 V. Chaji sailensa: 14.2 V. Mita ikiwekwa kwenye AC, katikati ya nguzo za betri injini ikiwaka: 0.04 V, kwa hiyo daiodi za alternata hazivujishi mawimbi kwenye mfumo.

Upotevu wa volti upande wa ethi, kutoka nguzo hasi ya betri hadi chuma cha injini wakati wa kupiga stata: 0.62 V. Hiyo ni nyingi; tunataka chini ya 0.2. Kebo ilifunguliwa, kutu ikasuguliwa hadi chuma cheupe pande zote mbili, ikafungwa upya. Sasa ni 0.09 V. Ethi za kontroli boksi (E1, E01, E02), ambazo zimefungwa kwa bolti kwenye manifodi ya hewa, zilisafishwa vivyo hivyo.

Angalizo kwa anayependa kupima kebo hizi kwa omu: usijisumbue. Kebo ya stata yenye uzi mmoja uliobaki itakuonyesha omu sifuri na ushee, nawe utaipongeza. Mzigo wa stata ukiingia ndipo uzi huo unaumbuka. Kebo nene hupimwa ikiwa kazini, kwa volti.

Baada ya usafi huo moshi mweusi ulikuwa palepale, kama tulivyotarajia.

Siku ya 3: E2 chini ya mita

Vifaa: multimita ya kidijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10, pini nyembamba za cherehani za kuingiza kwa nyuma ya soketi kando ya waya, na mchoro. Taa ya majaribio ya balbu haikaribishwi hapa. Balbu inavuta mkondo ambao waya wa sensa haukuumbwa kuubeba, na inaweza kuunguza saketi ndani ya kontroli boksi. Pia hatutoboi ganda la waya kwa sindano ya mita. Tundu hilo huingiza maji, na baada ya miezi kadhaa linakuwa kosa jipya mahali ambapo hakuna atakayefikiria kuangalia.

Injini ya moto, ufunguo ON, soketi zote zimechomekwa. Sindano nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri haikuondoka hapo siku nzima. Nyekundu ilitembea:

E2 kwenye pini ya kontroli boksi: 0.01 V
E2 kwenye soketi ya sensa ya presha: 0.32 V
E2 kwenye soketi ya throto: 0.32 V
E2 kwenye sensa ya joto la maji: 0.32 V
E2 kwenye sensa ya joto la hewa: 0.32 V

Soma orodha hiyo polepole. Kwenye kontroli boksi ethi ni nzima. Kwenye sensa zote nne imepanda, na imepanda kwa kiasi kilekile. Kama ingepanda kwenye sensa moja tu, ungefuata tawi la sensa hiyo. Ikiwa imepanda sawa kila mahali, kasoro iko kwenye shina: baina ya kontroli boksi na pale ambapo nyaya nne zinaungana kuwa mmoja.

Kuna atakayesema 0.3 V ni kidogo. Tupige hesabu. Sensa ya presha nzima ya injini hii, ufunguo ON injini ikiwa imezimwa, hutoa kati ya 3.3 na 3.9 V ukiwa karibu na usawa wa bahari. Kila milimita 100 za zebaki za vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifodi) hushusha takriban 0.4 V. Ethi yake ikinyanyuliwa kwa 0.31 V, ishara yote inanyanyuka. Sailensa, PIM ilisomeka 1.81 V mahali ilipopaswa kuwa karibu na 1.6. Hizo 0.2 V ni sawa na milimita 50 za zebaki. Kontroli boksi inaamini kuna hewa nyingi kuliko iliyopo, inaongeza mafuta.

Sensa ya joto la maji nayo: injini ikiwa 80°C, ukinzani wake ni kati ya omu 200 na 400, na waya wake wa ishara, THW, husomeka karibu 0.5 V. Hapa ulisomeka 0.78. Kwa kontroli boksi hiyo ni injini yenye nyuzi sitini na kitu, bado haijapata joto. Inaongeza mafuta tena.

Throto iliyofungwa: 0.77 V badala ya 0.5 hivi. Bado ndani ya mipaka, lakini ukingoni.

Makosa yote matatu yanasukuma upande mmoja, wa mafuta kuzidi. Ndiyo maana sensa ya oksijeni ilibadilishwa mara mbili bure. Ilikuwa imekwama kwenye 0.85 V kwa sababu mchanganyiko ulikuwa na mafuta mengi kweli. Ilikuwa shahidi mkweli, ikatupwa kwa kusema ukweli, na mrithi wake akasema yaleyale.

Kisha jaribio la kutikisa. Mita ikiwa kwenye E2 ya sensa ya presha, tulishika fungu la nyaya na kulisogeza kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja, kuanzia kwenye ukuta wa moto (bati linalotenganisha injini na abiria) kuelekea manifodi. Sehemu kubwa haikubadilisha kitu. Nyuma ya manifodi ya hewa, pale fungu linapopinda kushuka, 0.32 ikaruka hadi 1.9, halafu ikafika karibu 5 V na taa ya cheki injini ikawaka. Tulifunga utepe mweupe mahali hapo, tukafunga siku.

Uthibitisho wa mwisho, ufunguo OFF, betri imetolewa, soketi ya kontroli boksi na za sensa zimechomolewa: omu kutoka pini ya E2 hadi soketi ya sensa ya presha zilikuwa zinachezacheza kati ya 28 na 35. Waya mzima wa urefu huo hautakiwi kufika omu moja. Hapa omu zilifaa kwa sababu mkondo wa E2 ni mdogo, miliampia kumi hivi. Zidisha kwa omu thelathini na unapata zile 0.3 V. Hesabu mbili zimekutana, na hilo ndilo tulilokuwa tunangoja kabla ya kuchukua kisu.

Siku ya 4: kufungua fungu la nyaya

Utepe wa zamani ulikuwa umekakamaa. Ulikatwa kwa urefu, kisu kikielekezwa nje ili kisiguse maganda ya nyaya. Chini yake, kiungo cha kiwandani: nyaya nne za kahawia zimebanwa kwa kipande cha shaba na kuzungushiwa utepe, basi. Hakuna gundi, hakuna ganda la kuzuia maji. Shaba ilikuwa ya kijani, na nyuzi mbili tu kati ya zote za waya wa shina ndizo zilizokuwa bado zinashika.

Sababu zilionekana palepale. Klipu inayobeba fungu ilikuwa imevunjika, kwa hiyo uzito wote ulining'inia kwenye kona hiyo na kutikiswa na injini. Juu yake kuna mpira wa maji ya rejeta wenye alama nyeupe za kuvuja zamani. Maji ya rejeta yakiingia kwenye waya wa nyuzi hayabaki mahali pamoja. Hupanda katikati ya nyuzi chini ya ganda, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Waya wa shina tuliukata sentimita sita kabla ya kukuta shaba inayong'aa. Aliyekata sentimita moja na kuunga kwenye shaba nyeusi amejiwekea miadi ya kurudi.

Namna tulivyounga: vipande vipya vya waya wa milimita mraba 0.5, wenye ganda la kuvumilia joto. Kiungo cha shaba tupu, kilichobanwa kwa koleo lenye meno ya kazi hiyo, si kwa plaizi. Kisha kikoti cha plastiki kinachojibana kwa moto, chenye gundi ndani, kikipita sentimita moja na nusu kila upande wa kiungo. Gundi ikichomoza mwishoni ujue maji hayaingii.

Kuhusu lehemu kuna ubishi usioisha. Rai yetu: lehemu hupitisha umeme vizuri sana, lakini hunyonywa na waya na kuufanya mgumu kwa sentimita moja au mbili, na pale ugumu unapoishia ndipo waya hukatika ukitikiswa. Kwenye injini inayotetema, kubana kwanza. Asiye na koleo sahihi alehemu kwa risasi kidogo, kisha afunge waya usiweze kupinda karibu na kiungo.

Fungu lilizungushiwa utepe wa kitambaa, kwa kuwa utepe wa plastiki wa kawaida huyeyusha gundi yake kwenye joto hilo na kuacha utando unaonata. Klipu mpya ikawekwa, mpira wa maji ukabadilishwa. Kurekebisha waya na kuuacha chini ya mpira unaovuja ni kazi nusu.

E2 kwenye sensa zote baada ya hapo: 0.004 V. Tulitikisa fungu zima tena, injini ya moto. Haikusogea.

Siku ya 5: kulinganisha

Injini kwenye joto la kazi, sailensa. Namba ya kwanza ni kabla, ya pili ni baada:

PIM: 1.81 V, 1.60 V
THW: 0.78 V, 0.50 V
Throto imefungwa: 0.77 V, 0.49 V
Muda wa injekta (vinyunyizio vya mafuta) kufunguka: milisekunde 3.5, milisekunde 2.6

Sensa ya oksijeni, ileile iliyotuhumiwa: injini ilishikwa kwenye mizunguko 2500 kwa sekunde 90 ili sensa ipate joto, kisha tukahesabu. Ilivuka 0.45 V kwenda na kurudi mara kumi ndani ya sekunde kumi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni mara nane. Ni nzima.

Injekta zilipimwa kwa kuwa soketi zilikuwa wazi: zote kati ya omu 13.6 na 13.9, kiwango ni 13.4 hadi 14.2 kwenye 20°C. Presha ya mafuta, mpira wa vakyumu wa regyuleta ya presha hiyo ukiwa umechomolewa, ilikuwa 285 kPa; inayotakiwa ni 265 hadi 304. Moshi mweusi umekwisha. Ukurasa wa kwanza umefungwa.

Siku ya 6: kosa namba 13

Siku ya pili baada ya kufunga E2, injini ilikatika mwendoni, na 13 ikarudi peke yake. Vizuri, sasa haina wenzake wa kuichanganya.

NE ni koili ndogo ndani ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi). Meno ya chuma yanapita mbele yake na kuzalisha mapigo ya AC. Kontroli boksi huyahesabu kujua kasi. Ishara ikipotea hakuna injekta inayofunguka wala cheche, na injini hukatika bila kukohoa. Dalili inakubaliana.

Maelezo mepesi yangekuwa koili inayokatika ikipata joto. Ni ugonjwa wa kweli na wa kawaida kwa distributa za umri huu, na mtu angebadilisha distributa nzima hapo hapo. Tulipima kwanza, kwenye soketi ya distributa:

Baridi: omu 430 (kiwango ni 370 hadi 550)
Moto, baada ya kupulizwa hewa ya moto kwa dakika kumi: omu 530 (kiwango ni 475 hadi 650)

Koili ilipashwa moto, ikagongwagongwa kwa mpini wa bisibisi, ikatikiswa. Haikukatika hata mara moja. Nafasi baina ya meno na koili ilikuwa milimita 0.3, ndani ya 0.2 hadi 0.4, ipime kwa geji ya shaba au plastiki, maana ya chuma inavutwa na sumaku na kukudanganya. Koili za G, zinazoonyesha injini imefika wapi katika mzunguko wake, nazo zilikuwa ndani ya kiwango.

Kisha kipimo kilekile kikafanywa kutoka upande wa pili, kwenye soketi ya kontroli boksi, distributa ikiwa imechomekwa. Baridi: 431. Tulipovuta kidogo waya ulio nyuma ya soketi ya distributa: hakuna mkondo kabisa. Tulipoachia: 431. Koili nzima, waya mzima, na tatizo liko baina yao, ndani ya soketi.

Pini ya kike ya NE ilikuwa imepanuka. Kulijua hilo kunahitaji pini ya kiume ya ukubwa uleule, iliyotolewa kwenye soketi chakavu: iingize kwenye kila tundu na uivute. Inayobana vizuri inakataa kidogo kabla ya kutoka. Inayodondoka yenyewe imekufa hata ikionekana safi. Tundu tatu zilishika, la NE liliachia bila ubishi. Karibu kila mara chanzo ni sindano ya multimita iliyosukumwa kwa mbele na mtu aliyekuwa anapima. Kipimo cha dakika moja kinaacha ugonjwa wa miaka. Ndiyo sababu ya pini za cherehani na kupima kwa nyuma.

Joto linaingiaje? Soketi ikipata moto plastiki inatanuka na kulegea kidogo, mtetemo unamalizia. Gari likipoa dakika mbili, pini zinagusana tena.

Tulifungua kufuli ya pili ya soketi, tukabonyeza ulimi wa pini kwa kijiti chembamba na kuitoa kwa nyuma. Kuna wanaoikunja pini ya zamani irudi kubana. Inafaa kufika nyumbani. Hapa tulibana pini mpya kwenye waya uleule na kuirudisha.

Mambo mawili ya kuchunga kwa nyaya za koili hii. Usibadilishane NE+ na NE-: injini inaweza kuwaka, lakini kontroli boksi itasoma upande mwingine wa pigo na majira ya cheche yatapotea. Na ganda la chuma linalozunguka nyaya hizo huunganishwa na ethi upande mmoja tu, wa kontroli boksi. Ukiliunganisha pande zote mbili litabeba mkondo wa ethi, na kinga inageuka kuwa chanzo cha kelele.

Siku ya 7: sailensa

Kwa kuwa kontroli boksi sasa inapata habari za kweli, kasoro ndogo zilizokuwa zimejificha zilijitokeza. Sailensa ilikaa 950, juu kidogo. Mpira mdogo wa vakyumu unaokwenda kwenye sensa ya presha ulikuwa na ufa mwishoni. Ulikatwa sentimita moja na kurudishwa. Vali ya hewa ya sailensa ilisafishwa kwa dawa ya kusafishia throto. Majira ya cheche yalipimwa kwa taa, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: nyuzi 14, yakarudishwa kwenye 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa). Bila kuunganisha TE1 na E1 kipimo hicho hakina maana, kwani kontroli boksi inasogeza majira yenyewe. Sailensa sasa ni 750 na inatulia.

Swichi ya IDL ndani ya sensa ya throto, inayoiambia kontroli boksi kwamba pedali imeachwa, iliangaliwa: imefunga pedali ikiachwa, inafunguka mara pedali inapoguswa. Haikuguswa zaidi.

Siku ya 10: baada ya kilomita 320

Fyuzi ya EFI haijachomolewa tangu siku ya 7, kwa hiyo kumbukumbu ni kamili. TE1 na E1, ufunguo ON: taa inapepesa mfululizo, hakuna kosa. E2 kwenye sensa ya presha, injini ya moto: 0.004 V. Plagi zina rangi ya kahawia hafifu.

Kilichobaki: klipu mbili za fungu la nyaya karibu na stata hazijapatikana za ukubwa wake. Kwa sasa fungu limefungwa kwa mikanda ya plastiki kwenye mabano ya manifodi, na litakaguliwa oili itakapobadilishwa.